Chumba Chenye Sauti ya Mama

Jumatano, 16 Julai 2025

Tripu ya Ijumaa nimetupiwa mimi. Mwalimu wa sanaa amejifungua, basi eti Tabitha wa jografia ndiye awapeleke watoto Bunda. Jografia na sanaa wapi na wapi! Tunakwenda kwenye lile godauni la pamba la zamani, wameligeuza makumbusho ya sanaa ya kisasa. Kidato cha tatu wote. Mwalimu Hashimu naye yumo — safari nzima atakuwa anachekesha watu.

Nimefua sketi ya bluu. Upepo ukaijaza vumbi ikiwa kambani. Nimefua tena. Hasira za bure.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Sijavua hata viatu. Wacha niandike hivyohivyo.

Mwanzoni mambo yalikuwa ya kawaida. Alitupokea dada mmoja mwenye ushungi wa kijani, Yasmin, ndiye msimamizi. Mpole, anaongea taratibu. Ukumbi wa kwanza, matairi yamepangwa mpaka darini. Wa pili, khanga zimechanwachanwa na kuning'inizwa, unapita katikati zinakupapasa uso. Kuna kitambaa kikubwa cheupe, hakina kitu, kimetiwa fremu. Hashimu akasema hii hata mbuzi wake angeichora. Watoto wakafa kwa kicheko. Msichana mmoja, Mary, akamrudishia: mbona hakuichora basi mpaka mwenzake akamtangulia? Hapo wakaanza kubishana. Nusu wanasema uchafu, nusu wanasema akili. Mimi natafuta pa kukaa, kiatu kinanibana.

Halafu chumba cha mwisho. Pazia jeusi. Yasmin akasema kazi hii ni ya kijana wa hapahapa Mara, si ya kutazama sana, ni ya kusikiliza.

Giza. Chini wamemwaga udongo mwekundu na mawe. Katikati kuna kitu kama shimo, limezungushiwa miti, taa ndogo inawaka chini kabisa. Mabuti ya mchimbaji kando. Na sauti inatoka humo shimoni.

Mwanamke analia. Anasema maneno huku analia. Kwa Kijita, lugha ya kwetu.

Ni Mama. Mama yangu mzazi! Analia siku tuliyomzika Jofrey, kaka yangu, mwaka juzi, lilipomfunika shimo la dhahabu kule Kiabakari. Pumzi yake naijua. Anavyokatika, anavyovuta tena. Nilikuwa nimesimama pale nikiwa nimeshika kitambulisho cha shule shingoni, namsikia Mama analia ndani ya spika.

Nyuma yangu wavulana wawili wakacheka. Mmoja akaigiza. Akaigiza!

Nilipiga kelele, sikumbuki nilisema nini. Tokeni! Tokeni wote! Hashimu akanishika bega, Madam vipi? Nikamwambia huyo anayelia ni mama yangu. Aliniona kama mtu aliyechanganyikiwa. Yasmin akaja mbio na chupa ya maji. Maji!

Ukutani wameandika jina la msanii. Clever. Huyu Clever amekula samaki wa furu na ugali jikoni kwetu Majita mara ngapi. Walichimba pamoja na Jofrey, shimo moja. Baadaye akaenda Dar kusoma usanii wake. Kumbe siku ya msiba alikuwa na simu, anarekodi.

Kurudi, nilikaa kiti cha dirishani. Tulipofika Kiabakari niligeuza uso upande wa pili, kama ninavyofanyaga siku zote.

Jumamosi, 19 Julai 2025

Sabato, na sikwenda kanisani. Nitakaaje na kuimba.

Nicolaus anasema nitulie. Mume wangu anachomelea mageti hapa mtaani Nyakato, kwa kawaida maneno yake kwa siku yanaenea kwenye kijiko. Leo yote yamemtoka. Mama Dorah, ananiambia, labda ni vizuri watu wamsikie. Nikamuuliza, angekuwa mama yako je? Akakaa. Akasema mama yake hakuna aliyewahi kumsikiliza, hata akiwa hai.

Nikatoka nje. Sitaki busara mimi. Nataka hasira yangu niwe nayo yote.

Nikampigia Clever. Akapokea haraka. "Shikamoo, dada Tabi." Shikamoo! Nilimwambia asinisalimie. Nikamwambia yeye ni mwizi, tena mwizi wa makaburini. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, nilikwenda Majita. Nilikaa na Mama siku nzima. Nikamsikilizisha yote kwenye simu. Akasema weka."

"Mwongo!"

"Muulize mwenyewe."

Nimuulize! Tangu tuondoe matanga Mama hajalitaja jina la Jofrey. Watu wanamwita Mama Jofrey, anaitika, basi. Godoro la Jofrey aliligawa. Nikitaja habari zake anasimama anakwenda kukoka moto, hata kama moto unawaka. Sasa nimpigie nimwambie, Mama, kilio chako kiko Bunda, watoto wa shule wanakiigiza? Aanguke huko peke yake?

Simuulizi. Clever alijua sitamuuliza ndiyo maana akasema hivyo.

Ila siwezi hata kumchukia sawasawa, ndicho kinachoniuma. Wenye nguvu wote walisimama juu ya shimo wanashauriana. Clever ndiye aliyejifunga kamba akashuka akamtoa kaka yangu.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Ofisi ya walimu imegeuka bunge. Kila mtu ana lake kuhusu sanaa, na wengi hawajafika hata Bunda! Hashimu — leo bila utani — anasema sanaa ni kitu ukiingia mbaya unatoka mzuri. Kilio cha msiba si sanaa, ni kilio. Wa kemia anasema eti huko nje wanafanyaga hivyo, tutazoea. Tuzoee nini? Makamu mkuu akasema tuombe tu.

Darasani Mary akabaki wenzake walipotoka. "Madam, mimi nililia mle ndani. Nilimkumbuka bibi. Nilifanya vibaya?"

Nikamwambia aende mapumziko. Mtoto kauliza swali zuri nami nimemjibu kama mlango.

Yule aliyeigiza amesimama mbele ya darasa kipindi kizima. Sijamchapa. Nilitaka.

Jumanne, 22 Julai 2025

Nimeomba ruhusa, nimekwenda Bunda.

Yasmin alinipeleka ofisini kwake. Akaniwekea kiti. Anasema watu wanakuja kutoka mbali kukisikiliza kile chumba, wengine wanakaa mpaka jioni. Kuna mzee alikuja akavua viatu mlangoni. Anasema yeye Kijita hajui hata salamu, lakini kila akifungua asubuhi anasimama kwanza, anasikiliza. Anasema wao wa makumbusho waliridhia, na Clever alisema familia imeridhia.

Nikamwambia familia ni mimi. Unasikiliza kitu usichokijua, unakiita kizuri! Unajua mama yangu anasema nini mle?

Akasema hajui. Clever hakutaka kuandika maana yake ukutani, alisema sauti inatosha.

Basi nikamwambia. Nilitaka aone haya. Nikamwambia Mama hasemi "mwanangu, mwanangu" tu kama mnavyofikiri. Anasema na mtu. Anamwita mwenye kofia. Anamwambia: mwenye kofia, walikuja kukwambia miti ya shimoni imeoza, ukasema chimbeni. Leo umeniletea jeneza zuri, lina mbao nzuri. Mwenye kofia, mbao hizi ungezipeleka shimoni, mwanangu angelala kwangu leo.

Yasmin alishika meza. Akauliza, mwenye kofia ni nani?

Ni Mzee Bernado, nikasema, mwenye shimo. Alikuja msibani na kofia yake na hakuivua hata kaburini. Nikasema ndiyo hivyo, mnamwanika mama yangu akigombana na mtu mzima mbele ya dunia, naye ni mjane hana mtu.

Akainuka akafunga mlango wa ofisi. Kisha akasema, "Dada Tabitha, Mzee Bernado yumo kwenye bodi yetu. Bati za paa hili alitoa yeye." Nikasema vizuri sana, basi bodi na ikae ifunge. Nikaondoka kichwa juu.

Alhamisi, 24 Julai 2025

WAMEFUNGA! Yasmin amenitumia meseji. Chumba kimefungwa kuanzia leo, kufuatia malalamiko ya familia.

Siku mbili tu! Nilijiandaa kwa vita ya miezi. Nimekula sato mzima leo, na kichwa chake. Dorah, binti yetu, kanishangaa. Nicolaus alikunywa chai yake, akaenda kwenye mageti yake.

Clever amepiga mara nyingi. Sipokei.

Ijumaa, 25 Julai 2025

Namba nisiyoijua, mapumziko ya saa nne. Sauti nzito, ya taratibu.

"Mwalimu Tabitha? Hujambo binti yangu. Huyu ni Mzee Bernado."

Nilikaa kwenye tofali.

Anashukuru. Anasema nimetumia akili kuliko vijana wote wa siku hizi. Misiba si mambo ya kuanika. "Na kipindi hiki cha uchaguzi, unajua tena binti yangu, nimeombwa na wazee nichukue fomu ya udiwani, watu wanatafuta maneno ya kututia midomoni." Anasema mama yangu amuombee, naye anamuombea. Kisha akauliza hali ya shule. Madawati yanatosha?

Nikasema — na ninajichukia kwamba nilijibu kabisa — hayatoshi.

"Basi," akasema, "mbao ninazo. Nyingi tu."

MBAO!

Nilikata simu. Nilitapika nyuma ya choo cha walimu. Sato mzima wa jana.

Yule mtu hajui Kijita. Kwa miezi yote ya maonyesho, Mama alikuwa anamwambia usoni, chini ya bati zake mwenyewe, naye hakujua! Akipita na wageni wake pengine alisimama pale akatikisa kichwa kwa huruma. Mpaka mimi nikaenda nikamfungulia maana yake mezani kwa Yasmin, neno kwa neno. Nani mwingine angemwambia? Mimi! Mwenye digrii!

Nimempigia Yasmin. Fungueni, nimefuta malalamiko. Akajibu kwa sauti ya chini, kama kuna mtu karibu. Anasema bodi imeshaamua. Na barua yao inasema ni kwa heshima ya familia, jina langu liko pale.

Heshima ya familia.

Jumamosi, 26 Julai 2025

Kanisani nimekaa nyuma. Sijasikia hata somo.

Nimepokea simu ya Clever hatimaye. Hakunitukana, ningependa anitukane. Alisema tu, "Dada, ulimuuliza Mama?"

Nikatoka nje na simu. Akasema, "Kesho anakuja Bunda. Na akina mama wa Dorkasi, kikundi cha kanisa lake. Alipanga tangu mwezi uliopita. Mimi sina mdomo wa kumwambia pamefungwa."

Nimejaribu simu ya Mama jioni yote. Imezimwa. Anaizimaga kutunza chaji.

Jumapili, 27 Julai 2025

Naandika nimekaa juu ya jiwe nje ya godauni, mkoba magotini. Mama amenifukuza nikae huku. Sina la kufanya na mikono yangu.

Alipiga asubuhi nikiwa bado nyumbani. Hakusalimu. "Niko Bunda. Mlango umefungwa. Wanasema ni wewe." Akakata.

Sijui nilifikaje. Basi lilipita Kiabakari na sikugeuza uso, sikukumbuka kugeuza. Nikawaza tu kwamba na yeye amepita hapohapo asubuhi hii, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, amekaa na wenzake na vikapu vyao.

Nimewakuta kwenye ngazi, wamevaa sare zao za Dorkasi, wamejitanda vitenge kwa ajili ya upepo. Yasmin yuko mlangoni ana ufunguo mkononi na macho mekundu. Clever kasimama mbali, kwenye ukuta. Mama katikati. Amekonda. Amevaa viatu vya Pasaka.

Nikapiga goti. Shikamoo Mama.

Hakuitika. Mama yangu hakuitikia shikamoo! Wale wamama wakatazama chini.

"Nani alikwambia nina aibu?" Ndilo neno lake la kwanza.

"Mama, watoto walikuwa wanakucheka. Mimi nilisikia —"

"Wakicheka wamenipunguza nini? Jofrey atakufa tena?"

Nikasema nilitaka kumlinda. Akasema, "Ulinilinda siku gani nikakuomba?" Halafu akaanza kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei ya dagaa. Na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Alisema siku ile walimshika mikono. Wazee wa kanisa upande huu, wajomba upande huu, wakamwambia mama wa Kikristo halii hivyo, wakamwingiza ndani wakafunga mlango na jeneza likaenda. Baadaye hakuna mtu aliyemwambia kitu. Hata mmoja! Kila aliyekuja alimwambia pole, na akamwambia alijitahidi kukaza moyo.

"Nikaamini," akasema. "Nikasema, kumbe yale maneno niliyawaza tu. Sikuyasema. Nimemzika mtoto wangu na yule mtu amesimama pale na mimi nimenyamaza. Nilikaa na hilo, Tabitha. Ndilo lilikuwa linanila. Si kifo. Kifo nakijua. Huyu kijana akaja na simu yake, akaniwekea. Nikajisikia. Nikasema, kumbe nilisema! Nilisema yote! Nikamwambia peleka, weka mahali penye watu. Na hawa wenzangu nimewaleta wasikie kwamba nilisema. Wewe umefunga."

Mmoja wao, Mama Esta, akasema Mama Jofrey basi, mtoto hakujua. Mama akasema, "Ana mdomo. Angeuliza." Akaninyooshea kidole jiwe hili. "Kaa kule. Nisikuone hapa karibu."

Basi nimekaa.

Wasione ninalia wakadhani ni huzuni. Ni hasira. Namkasirikia Bernado na mbao zake. Nawakasirikia wale wazee waliomshika mikono na leo wanaimba mstari wa mbele. Mama namkasirikia pia — mwaka na zaidi, angeniambia! Mimi ni mwanawe. Na mimi sijui pa kujiweka.

Imekuja pikipiki. Kijana mwenye miwani, shati limepigwa pasi. Hajashuka. Anamuuliza mlinzi kitu, mlinzi ananionyesha mimi. Anapiga simu.

Yasmin kanijia. Ananong'ona kwamba bodi imempigia, wamama waondoke, wasikusanyike. "Nifanye nini, dada yangu? Nifungue?" Ananiuliza mimi! Nikamwambia ningekuwa na ufunguo huo mkononi ningejua. Nimemjibu vibaya tena. Lakini hajaondoka na hajaufungua mlango.

Watu wameanza kujaa. Waendesha bodaboda, wanawake wa nyanya kutoka sokoni, mafundi. Wanabishana tayari. Mmoja anasema hawa ni waganga, mwingine anasema ni kwaya. Mwingine anasema mle ndani kuna mambo ya kizungu ya kuita wafu, afadhali pamefungwa. Mwenzake anamwambia aliingia mwezi uliopita na mkewe, na tangu siku hiyo mkewe ameanza kumsimulia habari za mtoto waliyempoteza. Yule wa kuita wafu akasema ndiyo hayohayo. Wanasukumana kidogo.

Mama amesimama.

Amevua kitenge cha mabegani, amemkabidhi Mama Esta. Ameugeukia mlango uliofungwa. Anaanza.

Si kama kwenye spika. Sauti imezeeka. Lakini ni maneno yaleyale, kwa Kijita, hakuruka hata moja. Wenzake wanaitikia kwa chini. Clever hajatoa simu. Mikono yake iko nyuma. Watu wote, hata wale waliokuwa wanasukumana, wanatazama mdomo wake na wengi hawaelewi kitu.

Mlinzi amekuja kwangu. "Mwalimu, mwambie mama yako anyamaze. Malalamiko si ni yako?"

Yule wa pikipiki ameshuka, ameinua simu, anarekodi.

Mama amefika pale pa jeneza. Amekatika. Si kwa kilio — ameacha mwenyewe. Anawatazama watu mmoja mmoja. Mwanamke wa nyanya anauliza kwa sauti, "Bibi anasema nini?"

Mama ananitafuta kwa macho. Amenipata.

"Tabitha. Wengi hapa hawasikii Kijita. Njoo uwaambie."

Yule kijana amenigeuzia simu mimi. Mlinzi anatikisa kichwa, ananiambia mwalimu, fikiria kazi yako. Nikiwa na hasira sauti yangu haitokagi vizuri, inakwaruza, darasani wananichekaga. Basi itakwaruza. Naenda